Namna ya Kupokea Sasisho la Programu Katika Gari la Umeme

Mmiliki wa gari la umeme huletewa ujumbe mfupi, kwenye skrini au kwenye simu, kwamba toleo jipya la programu liko tayari, na wengi huukubali kwa wepesi uleule wanaokubali ujumbe wowote wa simu. Wepesi huo haufai. Sasisho linalotumwa bila waya laweza kubadilisha ramani na muziki tu, lakini laweza pia kuingia kwenye kompyuta zinazotawala mota, betri, usukani na breki, sehemu ambazo zamani hazikuguswa mpaka gari lipelekwe gereji. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Tesla Model 3 na kuona kwamba ilihitaji takriban mita 46 kusimama kutoka mwendo wa kilomita 97 kwa saa. Kampuni ikatuma sasisho, na gari hilo lilipopimwa tena muda mfupi baadaye likasimama kwa takriban mita 40 na nusu, bila fundi yeyote kulifungua. Kitu chenye uwezo wa kukata zaidi ya mita 5 katika umbali wa breki ni matengenezo kamili, nacho kinastahili maandalizi, ukaguzi na kumbukumbu kama matengenezo mengine yote.

Soma kwanza, ndipo uamue

Kila sasisho huja na maelezo ya mabadiliko, na inafaa uyasome hadi mwisho, kwa sababu kampuni hupenda kutanguliza mapambo kama michezo mipya na rangi za skrini, huku jambo linalohusu chaji au breki likiwekwa chini kabisa, pengine kwa maneno matatu tu: “maboresho ya mfumo”. Maneno hayo hayaelezi chochote. Mimi huyahesabu kuwa sababu ya kungoja, si sababu ya kuharakisha.

Swali la kuamulia ni moja: je, sasisho hili linaondoa hatari iliyokwisha kujulikana? Likiwa linaiondoa, lisikawie. Siku hizi hata magari yanayotangazwa kuwa na kasoro za usalama hutibiwa kwa njia hiyo. Desemba 2023 Tesla ilitangaza Marekani marekebisho ya lazima kwa magari zaidi ya milioni 2 kwa sababu ya Autopilot, mfumo wake wa kumsaidia dereva kuendesha, na Februari 2024 kwa magari karibu milioni 2.2 ambayo herufi za taa zake za onyo, ikiwemo ile ya breki, zilikuwa ndogo kuliko sheria inavyotaka. Mara zote mbili dawa ilikuwa sasisho, na wenye magari hawakulazimika kwenda popote. Ulinzi dhidi ya wadukuzi nao uko katika kundi hilohilo: mwaka 2016 watafiti wa Keen Security Lab ya kampuni ya Tencent walionyesha kwamba wangeweza kuingilia Tesla Model S kwa mbali hadi kushika breki zake, na pengo hilo lilizibwa kwa sasisho lililotumwa katika muda wa siku kumi hivi.

Sasisho lisipogusa usalama, ushauri wangu ni kungoja wiki moja au mbili. Kampuni nyingi hutuma toleo jipya kwa mafungu, na fungu la kwanza, hata kama hakuna anayelisema waziwazi, ndilo la majaribio. Novemba 2023 Rivian, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, ilituma toleo 2023.42 likiwa na vyeti vya kidijitali vya usalama visivyo sahihi, na waliolipokea mapema wakabaki na skrini zisizofanya kazi, ingawa magari yenyewe yaliweza kuendeshwa. Kampuni ililisimamisha upesi, kwa hiyo aliyechelewa hata kidogo hakuguswa kabisa. Oktoba 2025 mambo yalikuwa mazito zaidi kwa wenye Jeep Wrangler 4xe, gari lenye mota ya umeme na injini ya mafuta pamoja, kwani sasisho lililotumwa mwishoni mwa wiki lilifanya baadhi ya magari yapoteze nguvu yakiwa barabarani. Hapo inapatikana kanuni ndogo ambayo ni rahisi kuishika: usisasishe Ijumaa jioni, wala usiku wa kuamkia safari. Chagua siku ambayo kesho yake gereji imefunguliwa na wewe huna haraka ya kwenda mahali.

Kungoja nako kuna mpaka wake. Mwaka 2025 Volvo ilitangaza kwamba baadhi ya magari yake ya umeme na ya mseto yenye toleo 3.5.14 yangeweza kupoteza breki kama yangeteremka mlima kwa angalau sekunde 100 huku mwendo ukipunguzwa na mota peke yake na dereva hajakanyaga pedali. Wamiliki waliambiwa wasiitumie kabisa hali hiyo ya kuendesha hadi wapate toleo lililorekebishwa. Aliyekuwa ameapa kutosasisha tena baada ya kusikia kisa kama hicho angebaki na toleo lenye kasoro ndani ya gari lake. Sasisho bovu, mara nyingi, huponywa na sasisho jingine, kwa kuwa mmiliki wa kawaida hana njia ya kurudisha toleo la zamani mwenyewe.

Maandalizi kabla ya kugusa kitufe

Anza na betri ndogo. Watu hutazama betri kubwa ya kuendeshea wakasahau ile ya volti 12, ilhali ndiyo inayozilisha kompyuta za gari, na katika magari mengi mfumo mkubwa wa umeme huzimwa wakati wa kusakinisha, hivyo mzigo wote ukaangukia betri hiyo ndogo. Ikiwa imechoka, kazi hukatika katikati. Volkswagen ilipopeleka toleo 3.0 kwenye magari yake ya mwanzo ya ID., kazi ilifanyiwa gereji, na baadhi ya magari yalibadilishwa betri ya volti 12 katika shughuli hiyohiyo. Kama yako ni ya risasi na asidi na imeshatimiza miaka mitatu au minne, ipime gari likiwa limetulia kwa saa kadhaa: volti 12.6 au karibu na hapo ni nzima, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu, basi ichajiwe au ibadilishwe kwanza. Magari mengine siku hizi hutumia betri ndogo ya lithiamu, ambayo vipimo vyake ni tofauti, kwa hiyo tazama kitabu cha gari.

Betri kubwa nayo iwe na chaji ya nusu au zaidi. Kitabu cha gari huenda kikataja kiwango cha chini kuliko hicho, na kwa kusakinisha tu kitatosha, lakini mimi nafikiria kesho yake: kama sasisho litaharibu mfumo wa kuchajia, umeme uliobaki ndio utakaokufikisha gereji. Fahamu pia kwamba magari mengi, Tesla yakiwemo, husimamisha kuchaji wakati wa kusakinisha na kuendelea baadaye, hivyo anayehitaji gari limejaa alfajiri asipange mambo hayo mawili usiku mmoja bila kuacha nafasi.

Mahali pa kuegesha pana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Maegesho ya chini ya ghorofa hayafai, kwa sababu mawimbi ya simu ni hafifu, ufunguo wa kwenye simu huenda usifanye kazi, na gari likizima kabisa, lori la kuvuta halitapita kwenye dari fupi. Egesha mahali tambarare na wazi, penye Wi-Fi inayofika vizuri, kwa kuwa mzigo wa kupakua huweza kuwa wa gigabaiti kadhaa na kampuni nyingi hupendelea kuutuma kwa Wi-Fi. Kama unatumia data ya simu yako, usiondoke na simu kabla upakuaji haujakamilika.

Kisha hakikisha hakuna mtu wala mnyama ndani. Wakati wa kusakinisha kiyoyozi huzimwa, madirisha yaweza kukataa kushuka, na milango inayofunguliwa kwa kitufe cha umeme yaweza kutoitika. Januari 2019 gari la NIO ES8 lilikwama katika barabara kuu ya Chang'an jijini Beijing baada ya sasisho kuanzishwa kutoka ndani ya gari likiwa kwenye msongamano. Waliokuwemo walikaa zaidi ya saa moja, madirisha hayafunguki, huku polisi wamelizunguka gari. Magari mengi sasa hayakubali kusasishwa mpaka yaegeshwe, lakini hayajui kama kuna mtoto aliyelala kiti cha nyuma. Jifunze mapema mahali ilipo nyenzo ya kufungulia mlango bila umeme, hasa ya milango ya nyuma, ambayo katika magari fulani imefichwa chini ya zulia au ndani ya mfuko wa mlango. Kadi au ufunguo halisi uwe mkononi mwako, nje ya gari.

Mwisho wa maandalizi ni picha. Kwa simu yako piga picha ya toleo la programu lililopo, kilomita zilizotembewa, asilimia ya chaji pamoja na umbali unaokadiriwa, kikomo cha chaji, ratiba ya kuchaji, na kurasa zote za mipangilio ya uendeshaji. Kazi hii huchukua dakika tano, nayo ndiyo itakayokupa neno la kusema mambo yakienda kombo.

Wakati sasisho linaendelea

Hapa kazi yako ni kuliacha gari. Skrini huweza kuwa nyeusi kwa muda mrefu, taa za mbele zikawaka na kuzima, feni ikavuma kwa nguvu kisha ikanyamaza, na kutoka chini ya sakafu ukasikia mlio mkavu wa swichi kubwa za betri zikifunga na kufungua. Hayo yote ni ya kawaida, kwani kompyuta moja baada ya nyingine inazimwa, inaandikwa upya na kuamshwa. Muda hutofautiana kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kutegemea gari na ukubwa wa toleo. Usifungue milango kuchungulia, usichomeke chaja, na usiguse betri ndogo.

Muda uliotajwa ukipita na skrini bado ni nyeusi, ngoja saa moja zaidi kabla ya kufanya lolote. Baada ya hapo, fuata njia ya kuwasha upya skrini iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, ambayo kwa kawaida ni kubana kitufe kimoja au viwili kwa sekunde kadhaa. Usiazime njia ya gari jingine. Kung'oa waya wa betri ya volti 12 ni dawa inayopendekezwa ovyoovyo na wenye magari, nami sikubaliani nayo hata kidogo: kompyuta iliyokatiwa umeme ikiwa inaandikwa ndiyo hiyo ambayo baadaye fundi hulazimika kuing'oa na kuibadilisha. Piga simu huduma kwa wateja, utaje toleo ulilokuwa nalo na ulilokuwa unapokea, na uulize kama wanaliona gari lako kwenye mfumo wao.

Sheria nazo ziko upande wako katika nchi zinazoifuata Kanuni Namba 156 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, na ambayo katika Umoja wa Ulaya inahusu magari yote mapya tangu Julai 2024. Inamtaka mtengenezaji amjulishe mtumiaji kuhusu sasisho kabla halijatekelezwa, ahakikishe gari lina umeme wa kutosha kuikamilisha kazi, na likishindikana, gari lirudi kwenye toleo la awali au libaki katika hali salama. Mteja anayeijua kanuni hiyo huzungumza na gereji kwa sauti tofauti.

Ukaguzi wa baadaye

Usiingie barabara kuu moja kwa moja. Tembeza gari polepole mahali pasipo na watu, ukanyage breki mara kadhaa, kwanza kwa upole kisha kwa nguvu, uzungushe usukani pande zote, na ujaribu kuachia pedali uone kama mwendo unapungua kama ulivyozoea. Jambo hili la mwisho huwashtua wengi, kwa sababu sasisho huweza kurudisha kiwango cha mota kupunguza mwendo kwenye mpangilio wa kiwandani, na dereva aliyezoea kusimamisha gari kwa kuachia pedali akajikuta gari linaendelea kusonga kuelekea la mbele yake.

Kisha linganisha mipangilio na zile picha. Kikomo cha chaji kilichokuwa 80 kinaweza kuwa kimerudi 100, ratiba ya kuchaji usiku ikawa imefutika, na ufunguo wa simu ukahitaji kuunganishwa upya. Hutajua mpaka asubuhi unapohitaji gari.

Lalamiko linalosikika mno baada ya sasisho ni kwamba gari limepungukiwa na kilomita. Kabla ya kulalamika, tenganisha makadirio na ujazo. Namba ya kilomita kwenye dashibodi ni hesabu tu: umeme uliomo kwenye betri, ukigawanywa kwa matumizi ambayo kompyuta inayakisia. Gari lenye kilowati-saa 60 za kutumika, likikisiwa kula kilowati-saa 15 kwa kila kilomita 100, litaonyesha kilomita 400. Sasisho likibadili kisio hilo kuwa 15.8, litaonyesha takriban 380, na betri haijapungua hata chembe. Ukweli hupatikana kwa kupima umeme unaoingia. Kabla ya sasisho, chaji gari kutoka asilimia 20 hadi 80 kwa chaja ya polepole yenye mita, uandike inachosoma. Kwa betri hiyo ya 60, kinachoingia ni kilowati-saa 36, na mita itasoma takriban 40 kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Rudia baada ya sasisho kwa chaja ileile na katika hali ya hewa inayofanana. Mita ikisoma 40 tena, kilichobadilika ni makadirio. Ikisoma 36 kati ya asilimia zilezile, ujazo unaoruhusiwa kutumika umepunguzwa kwa takriban moja ya kumi, na sasa una jambo la kumwuliza mtengenezaji.

Kupunguzwa huko si hadithi. Mei 2019, baada ya magari yake kuungua Hong Kong na Shanghai, Tesla ilituma sasisho lililoshusha volti ya juu ya betri katika baadhi ya Model S, na wamiliki wakaona umbali wao umepungua. Kesi ikafunguliwa Marekani, na mwaka 2021 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5, ambapo wamiliki 1,743 walitengewa takriban dola 625 kila mmoja. Kinyume chake pia kimetokea: Septemba 2017, kimbunga Irma kilipokaribia Florida, kampuni hiyohiyo ilifungua kwa muda ujazo uliokuwa umefungwa kwa programu katika baadhi ya magari, ili wenyewe waweze kukimbia mbali zaidi. Betri uliyonunua, kwa maneno mengine, ina mtu mwingine mwenye mkono kwenye bomba lake, na ndiyo maana vipimo vyako mwenyewe vina thamani.

Programu ina mwisho wake

Sasisho haliponyi chuma kilichochakaa. Model S na Model X za hadi mapema 2018 zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8 ambayo ilichoka kwa kuandikwa na kuandikwa tena, na mwaka 2021 Tesla ililazimika kuyaita Marekani magari takriban 135,000 yabadilishwe kifaa chenyewe. Gereji ikikuambia “ngoja sasisho lijalo” kwa tatizo ambalo limeshapitia matoleo mawili bila nafuu, omba kifaa kikaguliwe, na uombe kwa maandishi kabla dhamana haijaisha.

Mawasiliano nayo huzeeka. Aprili 2024 Nissan ilizima Uingereza huduma ya simu ya Leaf za kabla ya 2016, zilizotegemea mtandao wa simu wa kizazi cha pili (2G). Na mtengenezaji mwenyewe anaweza kutoweka: Fisker ilipofilisika mwaka 2024, wenye magari yake ya Ocean waliunda chama chao ili kushughulikia vipuri na programu ambavyo hakuna tena aliyewajibika navyo. Kwa hiyo anayenunua gari la umeme lililotumika asiishie kutazama rangi na matairi. Mwombe muuzaji aufungue ukurasa wa programu mbele yako, uone toleo, tarehe ya sasisho la mwisho, na huduma za ziada ambazo ziliwahi kulipiwa. Uliza kwa kampuni, kwa namba ya chasisi, kama huduma hizo ni za gari au ni za akaunti ya mmiliki wa kwanza, kwa sababu mwaka 2020 mnunuzi mmoja wa Model S huko Marekani alikuta huduma alizozilipia kwa muuzaji zimefutwa kwa mbali, nazo zikarudishwa baada ya suala lake kujulikana hadharani. Jibu la kampuni lichukue kwa barua pepe, na usikabidhi fedha kabla akaunti ya zamani haijaondolewa na gari halijaonekana kwenye simu yako.